Mnyweshaji wa mfalme hakuwa mtumishi mdogo



Kuna maneno yanarudi sana midomoni mwetu sisi wenye diplome: "Mimi sikusoma ili niende kumiminia wakubwa pombe." Tunayasema tukimuona mwenzetu lisansie amesimama nyuma ya kiti cha waziri ao cha depite, ameshika mfuko, anafungua chupa ya maji, anaita mgeni mmoja na kumrudisha mwengine. Tunamcheka. Lakini mimi niliyesoma historia, kila nikiyasikia nawaza juu ya watu ambao kazi yao ilikuwa ni hiyo hiyo, kumimina mbele ya mfalme, na kumbe walihesabiwa kati ya wakubwa wa kwanza wa nchi. Kiswahili cha Biblia kinamuita mtu huyo mnyweshaji.

Leo tumuongelee huyo. Tuone kazi yake ilikuwa nini, kwa nini ilimpa nguvu, kwa nini iliua wengine, na kwa nini swali lake ni swali letu pia.

PEMBENI MWA MWAMI, POMBE ILIKUWA SIASA

Tusianze na divai ya Ulaya. Tuanze hapa kwetu, katika bonde la Ruzizi na milima inayolizunguka. Wazee wetu hawakuwa na zabibu, lakini walikuwa na kasiksi ya ndizi, walikuwa na pombe ya mtama inayonywewa kwa mrija, na kule pwani ya ziwa kulikuwa na malafu ya mngazi. Pombe hizo hazikuwa za kulewa tu. Ukitaka kuoa, pombe. Ukitaka shamba, pombe. Ukitaka kesi yako isikilizwe, pombe. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mkubwa ndiyo zaidi.

Warundi, walio majirani na ndugu zetu ng'ambo ya Ruzizi na hata upande wetu, wana neno gushengera. Maana yake ni kwenda kwa mkubwa, kukaa pale kwake, kumheshimu, kungojea akuone. Mtu aliweza kukaa siku nyingi. Na katika kungoja huko, kibuyu kilisema mengi kuliko mdomo. Waliokaa karibu na mkubwa walijua nani ameleta nini, nani amepewa kunywa, nani ameachwa na kiu yake.

Hata haki ilikuwa na kibuyu chake. Wale wazee waamuzi wa Kirundi, bashingantahe, wakimaliza kesi walipewa pombe inayoitwa agatutu k'abagabo. Ilikuwa shukrani, tena ilikuwa alama kwamba ugomvi umekwisha, maana walionyweshwa pamoja wamekuwa mashahidi. Lakini kila anayejua mahakama za siku hizi anaona hatari yake: shukrani inayokuja baada ya hukumu inaweza siku moja kuanza kuja mbele ya hukumu. Njo maana neno hilo leo, kwa watu wengi, linanuka rushwa.

Halafu kulikuwa na sikukuu kubwa za mwaka. Burundi walikuwa na umuganuro, sikukuu ya mtama, ambamo mwami alionja mtama na kufungulia nchi nzima msimu wa kupanda. Ilifanywa mara ya mwisho mwaka 1929, wakati wa Mwami Mwambutsa, kisha ikazimika chini ya serikali ya Wabelgiji na misheni. Huko Bushi, wao walikuwa na mubande, nayo ni ya mbegu na mtama, ikiongozwa na bajinji, wale watu wa mila ambao bila wao mwami hasimikwi. Angalieni vizuri: siku kubwa ya ufalme haikuwa siku ya kuonyesha mikuki. Ilikuwa siku ya mwami kuonja, na mtu alisimama karibu ili kumpa cha kuonja.

Na nyuma ya mtu huyo kulikuwa watu wengine ambao historia inawasahau. Kwa sehemu nyingi za eneo letu, kasiksi ilitengenezwa na wanaume, lakini pombe ya mtama ilikuwa kazi ya wanawake: kulowesha mtama, kuuacha uote, kuukausha, kuusaga, kuupika, kungojea. Siku nzima za kazi ili mtu mmoja anyanyue kibuyu mara moja mbele ya wakubwa. Tukimsifu mnyweshaji, tukumbuke kwamba mikono yake ilikuwa ya mwisho, haikuwa ya kwanza.

KAZI YENYEWE: KUCHUNGA, KUONJA, KUGAWA

Sasa, mnyweshaji alifanya nini hasa? Ukikusanya habari za falme mbalimbali utakuta kazi tatu.

Ya kwanza ni kuchunga. Pombe ya mfalme haikuachwa mahali popote. Ukienda Nyanza kule Rwanda, mahali panaitwa Rukari, wamejenga tena ile nyumba ya kifalme ya majani kama ilivyokuwa zamani. Nyuma yake kuna nyumba mbili ndogo, moja ya maziwa, moja ya pombe. Wageni wanaelezwa kwamba nyumba ya maziwa ilichungwa na msichana asiyeolewa, na ile ya pombe ilichungwa na kijana asiyeoa. Kwa nini wasio na ndoa? Juu mtu mwenye nyumba yake ana wakwe, ana mashemeji, ana watu wa kumvuta. Mfalme alitaka mtu ambaye moyo wake bado haujagawanyika.

Ya pili ni kuonja. Hapa hatuhitaji profesa atufundishe. Kwetu kila mtoto amesikia habari ya karuho. Kila mtu anajua kwamba chupa ya Primus inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na kwamba mwenye kibuyu anaonja kwanza ndipo ampe mgeni. Hatusemi "nakushuku." Tunaita adabu. Lakini adabu hiyo ilizaliwa na woga. Ethiopia walikuwa na njia yao: mtumishi wa tej, ile pombe ya asali, alijimiminia kidogo katika kiganja cha mkono akanywa mbele ya bwana wake, ndipo akampa. Mwili wa mnyweshaji ulikuwa dhamana. Kama kuna sumu, itampata yeye kwanza.

Ya tatu ni kugawa, na mimi naona hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mnyweshaji alijua nani anakunywa baada ya nani. Katika jamii isiyo na vyeo vya karatasi, isiyo na ofisi zenye namba mlangoni, mstari wa kikombe ndio uliokuwa daftari ya Leta. Uliyekunywa wa pili jana na leo umekunywa wa tano, umekwisha kuelewa. Hakuna barua ya kukufuta kazi. Na mtu anayebeba kile kikombe, hata kama amri si yake, ndiye anayeitekeleza mbele ya watu.

Mfano mkali kuliko yote unatoka pwani ya magharibi ya Kongo, katika ufalme wa Loango, ambao leo uko upande wa Brazzaville. Mwanzoni mwa karne ya 17 alipita huko baharia wa Kiingereza, Andrew Battell, aliyekuwa mateka wa Wareno miaka mingi. Anasimulia kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kumuona mfalme wa Loango akinywa. Mtu wa kikombe alikuja na kengele mkononi. Akimpa mfalme kikombe, aligeuza uso wake upande mwingine akapiga kengele, na watu wote waliokuwa pale walianguka kifudifudi, wasiinuke mpaka mfalme amekwisha kunywa. Aliyeona, adhabu yake ilikuwa kifo.

Fikirini kidogo juu ya ile kengele. Wakubwa wote wa nchi, wenye watumwa na mashamba, wanalala chini kwa sababu mtu mmoja ametikisa mkono. Kwa dakika hiyo moja, aliyesimama pale barazani ni wawili tu: mfalme na mnyweshaji. Na hata mnyweshaji ameangalia pembeni. Anajua kwamba mfalme ana koo kama sisi, ana kiu kama sisi, anaweza kusamwa kama sisi, na kazi yake ni kufanya watu wasione hayo.

KUTOKA KIKOMBE MPAKA KITI

Mtu aliye karibu hivyo na mfalme hawezi kubaki mtumishi tu. Historia ina mifano mingi.

Mfano wa zamani kabisa ni wa Mesopotamia, nchi inayoitwa leo Iraki, zaidi ya miaka 4300 iliyopita. Orodha ya wafalme wa Sumeri inasema kwamba Sargon, aliyejenga ufalme wa Akkad, alikuwa kwanza mnyweshaji wa Ur-Zababa, mfalme wa Kish. Kutoka kumimina, akafika kutawala nchi ambayo bwana wake hakuwahi kuiota.

Waashuru wao walifanya jina la mnyweshaji kuwa cheo cha Leta. Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka yule mtu aliyetumwa na Senakeribu mwaka 701 kabla ya Kristo, akasimama chini ya ukuta wa Yerusalemu na kuwatisha watu kwa lugha yao wenyewe. Anaitwa Rabshake, na katika tafsiri zingine za Kiswahili wameandika amiri. Neno lenyewe kwa Kiashuru maana yake ni mkuu wa wanyweshaji. Wakati huo huyu mkuu alikuwa anatawala jimbo lake na kuongoza jeshi. Sijui kama bado alikuwa anashika hata kikombe kimoja, lakini jina la cheo lilibaki linasema kilikotoka.

Ulaya vilevile. Mwaka 1356 kaisari Karl wa 4 alitoa sheria kubwa juu ya namna ya kumchagua kaisari. Katika wale wakubwa 7 wenye haki ya kuchagua, mfalme wa Bohemia ndiye aliyepewa cheo cha mnyweshaji mkuu. Mfalme mzima, mwenye taji lake, na heshima yake mbele ya kaisari ni ya kumshikia kikombe. Hakuna aliyemcheka.

Tukirudi karibu na kwetu, Buganda. Katika nyumba ya kabaka, msimamizi wa pombe aliitwa Seruti, na msimamizi wa jiko aliitwa Kauta. Hawa hawakuwa wapishi na watumishi kama tunavyofikiri leo. Walikuwa machifu, wenye watu chini yao. Tena kabaka alikuwa na vijana wengi wa nyumbani, wana wa machifu waliotumwa na wazazi wao wakiwa bado wadogo. Walibeba ujumbe, walishika mikeka, walihudumia mezani, walingojea mlangoni. Ile ilikuwa shule. Apolo Kaggwa, aliyekuwa katikiro wa Buganda kuanzia mwaka 1890 mpaka 1926, alitoka katika vijana hao wa nyumbani. Wazazi Waganda hawakusema "mtoto wangu hawezi kumtumikia mtu." Walisema mtoto wangu aingie, aone namna nchi inavyoendeshwa.

KIKOMBE KINAUA

Lakini tusidanganyane, wandugu. Mahali hapo palikuwa pa hatari.

Misri, karibu mwaka 1155 kabla ya Kristo, kulikuwa na njama ya kumuua Farao Ramses wa 3. Mmoja wa wake zake, Tiye, alitaka mwanaye Pentawere ndiye arithi kiti. Kumbukumbu za kesi zimebaki, ziko leo Torino kule Italia. Ukizisoma utaona jambo la ajabu: kati ya washitakiwa kuna wanyweshaji, na kati ya waamuzi kuna wanyweshaji. Tena baadhi ya waamuzi wenyewe walikamatwa kwa sababu wakati wa kesi walikwenda kunywa na wanawake walioshitakiwa. Walihukumiwa kukatwa pua na masikio. Na mwaka 2012 wachunguzi walipopiga picha ya ndani ya mwili wa Ramses, waliona kwamba koo lake lilikatwa kwa kitu chenye makali. Njama ilimfikia kweli.

Somo liko wazi. Watu wanaomzunguka mkubwa ndio ukuta wake, na ukuta huo ukitoboka, unatoboka kutoka ndani. Njo maana wafalme waliwatunza sana wanyweshaji na kuwashuku sana.

Mfano mwingine ni wa karibu, na Wakatoliki kati yetu wanaujua. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana wa nyumbani kwa Kabaka Mwanga. Mwezi wa 10 mwaka 1885, askofu Mwingereza Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya kabaka. Balikuddembe alimwambia kabaka, uso kwa uso, kwamba haikuwa haki kumuua mgeni bila kumsikiliza. Siku hizo hizo Mwanga alikuwa ameumwa baada ya kunywa dawa iliyotoka kwa Padri Lourdel, na akawaza kwamba amewekewa sumu. Mnaona namna mambo yanavyokutana: mtu anayempa mfalme kitu cha kutia mdomoni, na mtu huyo huyo amethubutu kusema. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1885 Balikuddembe aliuawa. Miezi michache baadaye, tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 1886, vijana wengine wa nyumbani, pamoja na Charles Lwanga aliyechukua nafasi yake, walichomwa Namugongo.

WAWILI WA KWENYE BIBLIA

Nimewapa wafalme na mashahidi. Sasa nirudi kwa watu wawili ambao karibu kila mmoja wetu amewasikia kanisani, lakini mara chache tunawaweka pamoja. Wote wawili kazi yao ilikuwa moja.

Wa kwanza ni mnyweshaji wa Farao katika kitabu cha Mwanzo. Bwana wake alimkasirikia, akamtia gerezani. Humo alimkuta Yusufu, kijana mgeni aliyefungwa bila kosa. Yusufu alimfasiria ndoto yake akamwambia kwamba baada ya siku tatu atarudishwa kazini. Aliomba kitu kimoja tu: ukifika kule juu, unitaje kwa Farao. Mtu akatoka, akarudi kwenye kikombe chake, akasahau. Miaka 2 mizima. Na siku alipokumbuka, ni kwa sababu Farao mwenyewe alikuwa na shida na alitafuta mtu wa kufasiri ndoto. Yaani Yusufu alikumbukwa siku alipokuwa na faida.

Huyu hakuwa mtu mubaya. Hakumuibia Yusufu, hakumsingizia. Alifanya tu kile ambacho watu wengi wanafanya wakipanda: alisahau walio chini.

Wa pili ni Nehemia. Huyu alikuwa Myahudi aliyezaliwa uhamishoni, mnyweshaji wa Artashasta mfalme wa Uajemi, katika jiji la Shushani. Mshahara upo, heshima ipo. Ndugu zake wakaja kumpa habari: kule nyumbani ukuta umebomoka, milango imeteketea, watu wanaishi kwa aibu. Nehemia hakuropoka siku ileile mbele ya mfalme. Kutoka siku aliyopata habari mpaka siku aliyosema ilipita karibu miezi minne. Alifikiri, aliomba, alipanga. Halafu siku moja ya mwaka wa 20 wa mfalme, yaani 445 kabla ya Kristo, akampelekea divai huku uso wake una huzuni. Hiyo tu ilikuwa hatari, maana mnyweshaji mwenye uso mbaya anaweza kudhaniwa ana jambo moyoni. Biblia inasema aliogopa sana. Mfalme akauliza, naye akasema.

Lakini angalieni alichoomba. Hakuomba pesa mkononi. Aliomba ruhusa, tena kwa muda uliowekwa. Aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya mto ili wampitishe. Aliomba barua kwa mtunzaji wa msitu wa mfalme ili apewe miti ya milango. Mtu aliyekaa miaka karibu na meza alijua Leta inavyofanya kazi: bila karatasi huvuki barrieri, bila miti hujengi. Njo faida ya kukaa karibu na kikombe. Aliyejifunza huko aliyapeleka nyumbani, na ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Na mwisho wake ni muhimu zaidi. Nehemia akawa liwali, sasa yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mwenye meza. Anaandika kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali, juu watu walikuwa wamelemewa. Watu 150 walikula mezani kwake, na divai ya kila namna ililetwa kila siku kumi. Mnyweshaji wa zamani alijua vizuri divai ile inatoka wapi na nani anailipia.

WANYWESHAJI WA LEO

Mtu atasema: haya ni ya zamani, leo hakuna wafalme. Mimi naona kazi haikufa, imebadilisha nguo tu.

Wabelgiji walipoweka sheria yao ya tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 1933 juu ya maeneo ya wenyeji, mwami aliingizwa kabisa katika Leta: sheferi yenye mipaka, sanduku la kodi, mahakama, mshahara. Hapo kibuyu kilianza kupoteza nguvu, na karani akapata nguvu. Karani ndiye aliyejua kuandika, mkalimani ndiye aliyesimama kati ya administratere na watu. Neno lako lilipita mdomoni mwake kabla ya kufika, na lingeweza kufika limebadilika. Huyo alikuwa mnyweshaji mpya: hamiminii bwana pombe, anammiminia maneno, na ni yeye anayeonja kwanza.

Leo tuna dirkaba, tuna watu wa protokoli, tuna sekretere, tuna kijana anayeshika telefoni ya mkubwa na kuamua nani apigiwe. Ukitaka kujua nguvu yao, keti siku moja katika ofisi ya kungojea huko mjini. Utaona kama ile kengele ya Loango: mlango unafunguka, watu wote wanasimama, na mtu mmoja tu anasema nani anaingia. Wengi wao ni watoto wa vijiji kama chetu. Wamesoma kama sisi, tena wengine tumekaa nao banki moja darasani.

Kwa hiyo swali si kama kazi hiyo ni ya aibu. Historia imekwisha kujibu: si ya aibu. Sargon aliifanya, Kaggwa aliianzia humo. Swali ni lile linalotenganisha wanyweshaji wawili wa Biblia. Ukifika pale, karibu na kikombe, nani anakungojea gerezani? Nani alikuambia "unitaje"? Barabara yetu kutoka Uvira mpaka Kamanyola inajulikana ilivyo. Shule zetu zinajulikana. Wakulima wa mpunga na mihogo wa bondeni wanajulikana namna wanavyouza kwa hasara. Wapo watu wa kwetu waliokaa miaka karibu na meza za wakubwa na siku moja hawakuyataja hayo. Wapo pia waliotaja, na wengine kati yao walilipa. Balikuddembe atukumbushe kwamba kusema si mchezo, na Nehemia atukumbushe kwamba kusema kunahitaji saa yake na mpango wake. Aliyesema bila kupanga analia tu mbele ya mfalme. Aliyepanga asiseme, ni yule wa Farao.

Jambo la mwisho ni kwa ajili ya wapenzi wa historia. Nimewaletea habari za Loango, Buganda na Misri kwa sababu zimeandikwa. Zetu nyingi hazikuandikwa. Katika milima ya Lemera, kwa Bavira, kwa Barundi wa bonde, bado wako wazee wanaokumbuka mambo ya ua wa mwami kama walivyoyasikia kwa baba zao: nani alipokea vibuyu, alitoka ukoo gani, aliitwa jina gani, nani alikunywa wa kwanza siku ya kusimika, na ni kina mama wa wapi waliopika pombe ya siku hiyo. Wanatutoka kila mwaka. Nani kati yetu atakwenda na daftari na kuuliza?

Mwenye kupata jina hata moja, aandike hapa chini, pamoja na kijiji na ukoo wa mzee aliyelitoa akimruhusu. Tukikusanya kumi, nitaandika sehemu ya pili, na hiyo itakuwa yetu wenyewe.